Mwaka Niliosema Kilimia Kimetoka

Mpaka leo sijui kwa nini nilisema sita. Nimejiuliza nikiwa jikoni, nikiwa kwenye basi, hata kanisani wakati wa mahubiri, na sipati jibu linaloeleweka. Zilikuwa tatu. Ukinibana sana nitakubali kwamba huenda zilikuwa nne. Lakini sita hazikuwepo, na nilijua hazikuwepo wakati mdomo wangu unalitamka hilo neno.

Ngoja nianze vizuri, maana mimi nikishikwa na hasira huwa naruka mambo.

Sisi ni watu wa Nkoma, siku hizo ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Bariadi. Magharibi mwa kaya yetu kulikuwa na kaya za watu, moshi wa jikoni na mbwa wakibweka. Mashariki ulikuwa unavuka mbuga yetu ya udongo mweusi, halafu vichaka vya migunga, halafu unaingia pori la wanyama, na huko hapakuwa na taa hata moja. Jua likizama, nyota za upande ule zilikuwa zinaanzia chini kabisa, kwenye nyasi, siyo juu ya mapaa kama mnavyoziona nyie wa mjini. Nimeishi Mwanza, nimeishi Dar es Salaam, sijaiona tena mbingu ya namna ile. Wanangu wananiambia, mama, unaongeza chumvi. Siongezi.

Kaya yetu ilikuwa na kazi yake. Kila kiangazi kilipokaribia kwisha, kitongoji kizima kilingoja kaya yetu ipige mstari wa kwanza wa kupanda, ndipo wengine wafuate. Na sisi tulingoja Kilimia, kile kikundi cha nyota sita ndogo zilizosongamana. Kilimia kikichelewa kutokea mashariki mpaka watu wameshakula na kunawa, bado. Kikitokea giza linapoingia tu, funga ng'ombe kwenye plau, wakati umefika. Aliyekitazama alikuwa bibi, mama yake baba. Akafuata baba. Baba alipofariki, akafuata mama.

Nilikuwa nauona huo utaratibu ni wa kipuuzi. Kila mtu ana macho, mbingu ni ya wote, sasa kwa nini watu wazima wakodolee macho shamba letu badala ya kuinua shingo? Nilikuja kuelewa baadaye sana. Macho walikuwa nayo, ila hakuna aliyetaka lawama. Mvua ikikataa lazima apatikane mtu wa kulaumiwa, na mtu huyo alikuwa wa kwetu, mwaka hadi mwaka.

Malipo ya kazi hiyo yalikuwa lile shamba la mbugani. Msiba wa baba ulipokwisha, ukoo ulikaa ukakubaliana mbele ya watu wote: shamba la mbugani litabaki kwa mama maadamu yeye ndiye anayetazama Kilimia. Siku akishindwa, linakwenda kwa baba mdogo, mdogo wake baba, aliyekuwa na kaya yake ng'ambo ya uzio wetu. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na ardhi ya changarawe, basi.

Na hiyo ndiyo miaka soko huria lilipotuingilia. Watu wanaandika siku hizi kana kwamba tulielewa kilichokuwa kinatokea. Hatukuelewa kitu. Zamani mbegu ya pamba ililetwa kwenye ghala la ushirika, ile mbegu yenye manyoya, na ikikufia shambani ulirudi ghalani na kikapu chako ukapewa nyingine. Ghafla ghala likafungwa. Yakaja malori ya wanunuzi, kila lori na mzani wake, na kila mwenye mzani akituonya tuwe macho na mwenzake. Mbegu ikawa ya kufuata dukani Bariadi. Redio zikajaa, nguo za mitumba zikajaa, sabuni za rangi tatu, na hapo hapo watu wakawa hawana uhakika kama mwaka huu kuna atakayekuja kununua pamba yao. Ukimuuliza mtu mzima anakujibu, ndiyo mambo ya kisasa hayo. Hilo nalo ni jibu?

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka shule ya bweni, nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo. Nilikuwa na kiburi, siwezi kukataa. Nilijua sayari zote kwa mpangilio, kuanzia Utaridi mpaka mwisho, na nilikuwa tayari kumtajia yeyote aliyesimama karibu. Kilimia sikukijua. Mama alinionyesha nikiwa mdogo, labda mara ishirini, na mara zote ishirini nilisema nimekiona ili aniache nikacheze. Huo ndio ukweli wenyewe.

Mwaka huo mama alinituma Bariadi na baiskeli kwenda kufuata mbegu. Duka lililokuwa na mbegu lilikuwa na televisheni pia, na juu ya bati ulikuwa umewekwa ule ungo mkubwa wa chuma ukitazama juu. Watu wamejazana mlangoni. Nikajipenyeza nikaona mtu kavaa mavazi meupe manene, anaelea, kashika spana, na chini yake dunia nzima imelala, ya buluu, na mawingu yake. Mwenye duka akatueleza kwamba ile siyo filamu, watu wako kule kweli wanatengeneza mitambo, na hata picha tunayoiona inarushwa na mtambo ulio juu kama ule. Mzee mmoja akauliza huyo bwana analala wapi. Mwenye duka akasema hapo hapo. Mzee akauliza anakojoa wapi. Watu wakacheka, lakini mimi nilitaka kulisikia jibu, na halikutoka.

Nilirudi nyumbani na mbegu kwenye kapu na kichwa kinachemka. Jioni ile, baada ya ugali, nikamweleza mama yote. Nayaandika haya kwa Kiswahili, lakini kwetu tulikuwa tunaongea Kisukuma, na jaribuni nyie kumweleza mtu mtambo unaoelea kwa Kisukuma. Mama alisikiliza kwa adabu. Mwisho akauliza, "Wanatafuta nini huko?"

"Wanachunguza."

"Wanachunguza nini?"

Nikagundua sijui. Nikakasirika, kama kawaida yangu, nikamwambia kuna mambo hayaelezeki kwa mtu ambaye hajasoma. Hapo hapo, Mungu naye ana utani wake, nikaiona nyota inatembea. Ilitokea upande wa kijiji jirani cha Migato, haiwaki na kuzima kama ndege, inateleza tu taratibu kuelekea porini. Nikaruka. Nikamwambia mama, mtambo wenyewe ndio ule, umeuona?

"Nimeuona," mama akasema. "Unakwenda kweli."

Alikuwa ametazama kusini. Shingo kaiinua vizuri, uso umetulia, anatabasamu kwa ajili yangu, na anatazama mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Nikadhani ananitania. Nikamwambia, sasa umefika juu ya paa la jikoni, na hapo nilidanganya makusudi. Akageuza uso kwenye paa la jikoni. "Eeh," akasema, "naufuata."

Nikaanza kukumbuka vitu. Uji uliomwagika pembeni ya kikombe, ameusingizia moshi. Sindano anayoniletea nimtungie uzi, amesingizia uchovu. Namna alivyokuwa akimjibu kila anayepita, "Mwadila," salamu yetu, akingoja kwanza asikie sauti ndipo ajue aseme baba au mayu, yaani mama. Nilikuwa nimeviona vyote hivyo tangu nirudi na sikuona kitu. Sasa ni nani kati yetu alikuwa kipofu?

"Mama," nikasema, "huoni."

Hakukataa. Alisema mwanga anauona, na watu anawaona kama vivuli, lakini nyota hazioni tangu mwaka jana. Baadaye nilikuja kujua unaitwa mtoto wa jicho. Siku hizo kwetu hospitali ya macho ilikuwa kama Ulaya tu. Nikamuuliza mwaka jana alijuaje wakati wa kupanda. Akasema alihesabu miezi, akawa anawauliza wapita njia mbingu ikoje leo kama mtu anayeongea mazungumzo tu, na iliyobaki alimwachia Mungu. Mvua ya mwaka jana ilikuwa nzuri, watu wakamsifu.

"Baba yako mdogo akijua, shamba limekwenda," akasema. "Basi mwaka huu utaniazima macho."

Ningesema pale pale kwamba na mimi Kilimia sikijui, hadithi ingekuwa imeishia hapo. Msichana wa kidato cha nne, mwenye sayari zote kichwani, aseme hajui nyota ambazo wachunga mbuzi wanazijua? Nilisema, "Sawa, mama."

Jioni zilizofuata hazikunipa shida, kwa sababu watu walikuwa wanachoma mashamba na moshi ulifunika mashariki yote. Nilikuwa nasema hakuna kitu na ni kweli hapakuwa na kitu. Nikawa naomba moshi usiishe. Halafu siku moja mchana mvua kubwa ikapiga, moja tu, ikasafisha hewa, udongo wa mbugani ukanukia mpaka ng'ombe wakawa hawatulii. Jua lilipokaribia kuzama baba mdogo akaja kwenye uzio. Alisalimia vizuri, halafu akasema, "Shemeji, tunangoja nini? Ng'ombe wako tayari, watu wananiuliza mimi."

"Leo nitatazama," mama akamjibu. "Kesho alfajiri utajua."

Hakuondoka. Alisimama pale ng'ambo ya uzio akisafisha koo, na mama akanishika mkono tukaenda nyuma ya nyumba. Giza likaingia. Nyota zikatoka zote kwa pamoja, safi, zimeoshwa, nyingi mno. Ndugu zangu, zilikuwa nzuri kiasi cha kutisha. Nikatafuta mashariki kikundi chochote. Nikaona vinyota vitatu vimekaribiana juu ya migunga, vidogo, vimekaa kama pembetatu. Nikajiambia ndicho. Nikajiambia sicho. Nikajiambia labda vingine vinakuja.

"Kipo?" mama akauliza.

"Kuna nyota zimekaa pamoja."

"Ngapi?"

Vidole vyake vilikuwa vimenibana mkono. Baba mdogo akasafisha koo tena. Mvua ilikuwa imenyesha, kila kitu kilikuwa kinataka kupandwa, na nilichotaka mimi ni ile jioni iishe.

"Sita," nikasema.

Mama akanigeuzia uso. "Umezihesabu?"

"Nimezihesabu."

"Haya," akasema, na akaniachia mkono.

Ile "haya" yake ndiyo inayonichanganya kuliko vyote. Alikuwa amehesabu miezi mwaka jana, kwa nini asiihesabu na mwaka huu? Alijua? Kama alijua, mbona hakunikatalia? Au aliniamini kwa sababu nimesoma? Nimeigeuza upande huu na ule, naona inawezekana alijua na inawezekana hakujua.

Alfajiri tulipiga mstari wa kwanza. Hadi jua linapanda, kitongoji kizima kilikuwa mashambani, watu wanaimba, plau zinakwenda. Mbegu ikaota vizuri, majani mawili mawili, mbuga yote ikawa na madoa ya kijani. Nikaanza kujisifu moyoni. Halafu mvua ikakatika. Siku ya tano, ya kumi, jua linapiga tu. Udongo mweusi ukapasuka nyufa za kuingiza mkono, na ile miche ikajikunja, ikakauka, upepo ukaichukua. Hapakuwa na ghala la kurudi na kikapu.

Watu walikuja jioni moja, wanaume saba hivi na baba mdogo mbele, wakakaa uani kwetu kwenye vigoda na magunia. Hakuna aliyepiga kelele. Walizungumza kwanza habari za ng'ombe na za malori, kama inavyotakiwa. Kisha jirani mmoja akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema jioni ile ile na yeye aliangalia, kwa mara ya kwanza maishani, na hakuona Kilimia. Akadhani macho yake ndiyo mabaya, kwa hiyo akapanda.

Baba mdogo akanigeukia. Kwetu hata msichana huitwa mayu kwa heshima, na alinitamkia hivyo, polepole. "Mayu, ulikuwa na mama yako nyuma ya nyumba. Nilikuwa pale uzioni, niliisikia sauti yako. Wewe ulikiona?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeamua kusema ukweli, naapa nilikuwa nimeamua, ingawa mtu yeyote anaweza kuapa hivyo baada ya miaka mingi.

"Mwacheni mtoto," mama akasema.

Alikuwa anachambua mlenda kwenye ungo. Akauweka ungo chini. "Nilimwambia aseme hivyo. Macho yangu hayaoni. Nyota sizioni tangu mwaka jana. Hata wewe, shemeji, hapo ulipokaa nakujua kwa kikohozi."

Mbuzi alilia kizizini. Baba mdogo alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, na akawa kama mtu aliyepewa mzigo ambao alikuwa akiutaka na sasa hajui aushike wapi. Alisema pole, shemeji. Alisema tena pole. Wazee wawili wakanong'onezana, halafu mmoja akakumbusha makubaliano ya siku ya msiba, kwa sauti ya chini, bila ubaya. Mama akasema anayakumbuka. Shamba la mbugani likaondoka hivyo hivyo, uani kwetu, kabla ugali haujaiva.

Usiku nilimkasirikia. Ndiyo, yeye. Nilimwambia kwa nini ulisema uongo, hukuniambia niseme chochote, ni mimi. Nilikuwa nalia na kufoka kwa pamoja. Akasubiri nimalize.

"Lawama ndiyo kazi niliyorithi kwa bibi yako," akasema. "Wewe hukuirithi. Msichana akishaitwa mwongo kijijini, anazeeka nalo jina hilo."

"Mama, nyota zilikuwa—"

"Lala," akasema.

Sikulala. Nilijilaza nje juu ya ngozi, nikitazama mitambo ikipita. Ilipita miwili usiku ule. Nikafikiri yule bwana wa spana akichungulia chini saa hii ataona nini kwetu, na nikapata jibu kwamba ataona giza tu.

Matokeo yalikuja kutoka mwaka uliofuata, nikafaulu kwa kuchechemea. Mama hakuenda tena mbugani. Alibaki na kibustani cha nyuma ya nyumba, anapalilia kwa kupapasa.

Wiki kadhaa baada ya kikao kile, jioni, tulikuwa tunaosha vyombo. Giza ndiyo kwanza limeingia. Niliinua uso bila kutafuta chochote na Kilimia kilikuwa pale, juu ya migunga, kidogo, kimesongamana, kina mwanga wa baridi. Sikuhitaji kuhesabu. Ukishakiona huwezi kukifananisha na kingine chochote duniani, na hilo ndilo liliniuma, kwamba ningekuwa nimekiona kweli hata mara moja katika zile ishirini, nisingekosea.

"Mama," nikasema. "Kimetoka. Safari hii kimetoka kweli."

Hakuinua uso. Aliendelea kusugua sufuria kwa majivu.

"Usiniambie mimi," akasema. "Kamwambie baba yako mdogo."

Nikafuta mikono kwenye kanga nikaanza kwenda. Nilipofika kwenye uzio akaniita jina langu. Nikageuka. Alikuwa amesimama, sufuria mkononi, uso ameuinua, na safari hii alikuwa ameuelekeza mashariki kabisa.

"Ni kizuri?" akauliza.

Nikamwambia ni kizuri. Akaitikia kwa kichwa, akakaa, akaendelea na sufuria yake, na mimi nikaenda kwa baba mdogo kumwambia afunge ng'ombe.